Kitufe cha Mzee: Anza na Atakayepokea

Kwenye miteremko ya Umatengo, wilayani Mbinga, mzee wa miaka 70 bado analima ngoro. Anakata nyasi, anazilaza kwa miraba, kisha anazifukia kwa udongo anaouchimba katikati, mpaka mlima wote unakuwa mashimo kama sega la nyuki. Mguu ukiteleza hapo, nyumba ya karibu inaweza kuwa ng'ambo ya bonde. Huku chini ziwani, Liuli na Mbamba Bay, mtu huanguka kwenye mawe ya ufukweni, ndoo ikiwa kichwani. Ndipo watoto walioko Songea na Dar es Salaam wanapoulizana: tumnunulie mama kifaa gani cha kuitia msaada?

Vifaa vya kuvaa ni vya aina tatu. Cha kwanza ni kitufe cha shingoni kinachowasiliana kwa redio na mashine iliyomo ndani ya nyumba. Kilianzia Ujerumani na Marekani miaka ya 1970, kwa nyumba zenye simu ya mezani, na shambani hakifiki. Cha pili ni kitufe chenye laini ya simu na GPS ndani yake. Cha tatu ni saa janja yenye kihisi mwendo. Apple iliweka utambuzi wa kuanguka kwenye saa yake mwaka 2018: ikihisi kishindo, kisha mvaaji asisogee kwa takriban dakika moja, inapiga simu ya dharura yenyewe.

Sasa ipeleke saa shambani. Jembe likigonga udongo, mkono unapata kishindo. Mchi ukitua kinuni, vivyo hivyo. Lakini mzee anayeishiwa nguvu, akashika mti na kuketi taratibu, hatoi kishindo chochote, na saa inaweza isijue. Tena saa janja nyingi hutaka chaji kila baada ya siku moja au mbili. Kwa mlima huu, kitufe chenye laini ndicho kinachofaa zaidi.

Hata hivyo kitufe ni nusu ya kazi. Nusu ya pili tuisome kwa m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua karibuni na watoto wachanga, uliojaribiwa Sengerema na Shinyanga kabla ya kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022. Mtu anapiga 115 bure. Mpokeaji anauliza maswali yaliyopangwa, anapima hali, anachagua kituo cha afya na gari. Ambulansi ikiwa mbali, anaitwa dereva wa jamii aliyeandikishwa mapema, na nauli yake inalipwa kwa simu. Mjamzito hakupewa kifaa kipya. Akili na fedha ziliwekwa kwa anayepokea.

m-mama haikuundwa kwa ajili ya wazee, lakini familia inaweza kuiga muundo wake. Weka namba tatu kwa mpangilio: jirani, bodaboda wa kijijini, kisha mtoto atakayetuma nauli. Kubalianeni mapema mgonjwa atapelekwa hospitali ipi, ya Litembo au ya Liuli. Chagua kifaa kinachopitisha sauti pande zote mbili, maana bodaboda mwenye kitochi hafungui ramani ya GPS; anataka kuambiwa "shamba la juu, karibu na mkuyu".

Kabla ya kulipa, chukua kitochi chenye laini za mitandao tofauti, usimame shambani, kisimani na msalani, upige simu. Mtandao unaoshika hapo ndio wa kuchagua, hata kama sebuleni mwingine una nguvu zaidi. Kifaa kikitoka ng'ambo, soma masafa yake: GSM ya Tanzania hutumia 900 na 1800, wakati ile ya Marekani ilitumia 850 na 1900. Kiwe kisichoingiza maji. Laini isajiliwe kwa alama za vidole, na ijaribiwe kila Jumapili, kwani laini isiyotumika muda mrefu hufungwa. Na mama mwenyewe achague pa kukivaa. Aliyezoea rozari shingoni hataona uzito wa uzi mwingine.

Mwisho, mwombe abonyeze akiwa shambani, nawe uhesabu dakika mpaka mtu amfikie. Dakika hizo ndizo kipimo cha ubora wa mpango mzima. Zikiwa nyingi mno, usibadilishe kitufe; tafuta jirani mwingine wa kupokea.