Sifa za Mwenye Kuhesabu Nyumbu

Katika habari za mbuga zetu, waliotangulia kusifiwa ni wawindaji: aliyemwangusha tembo wa pembe ndefu, aliyemkabili simba katika nyasi, aliyerejea kwao na vichwa vya nyati akavitundika ukutani, na baada yao wakaja kusifiwa wapiga picha, nao wanastahili. Lakini mtu ashindaye angani tangu alfajiri, macho yake yako chini na midomo yake yataja tarakimu, kisha akashuka hana pembe wala ngozi ila karatasi zilizojaa idadi, huyo sijaona akitungiwa sifa. Mimi nataka kumsifu, na katika kumsifu nataka kumkumbuka mmoja aliyefikwa na ajali yake katika kazi hiyo hiyo, akiwa kijana wa miaka 24 mwenye mke na mtoto: marehemu Michael Grzimek, Mjerumani, ambaye kaburi lake liko ukingoni mwa kasoko ya Ngorongoro.

Alizaliwa Berlin mwaka 1934. Baba yake, Bernhard Grzimek, alikuwa daktari wa wanyama, na vita vilipokwisha mwaka 1945 alikabidhiwa bustani ya wanyama ya Frankfurt, ambayo mabomu yalikuwa yameifanya magofu, akaifufua na kuiongoza hata mwaka 1974. Mtoto aliyekulia katika nyumba ya namna ile, ambamo mnyama mgonjwa huulizwa hali kabla ya mgeni mzima, si ajabu akawa mtu wa wanyama. Ajabu ni kwamba baba na mwana, ambao aghalabu hutengana mwana apatapo ndevu, wao walizidi kushikana kadiri kijana alivyokua, hata mtu asiyewajua akiwasoma hawezi kupambanua wazo hili ni la nani na lile ni la nani. Michael alishika kamera tangu ujana wake, na mwaka 1956 wakatoa filamu juu ya wanyama wa Afrika waliokuwa wakikosa mahali pa kukaa. Filamu ile ikapokewa vizuri, ikaleta fedha, na fedha zile hawakutaka kuzila. Wakaipelekea Tanganyika risala kwamba wako tayari kuzitoa ili ardhi ipatikane kwa ajili ya hifadhi.

Jawabu walilolipata kwa Kanali Peter Molloy, aliyekuwa mkuu wa hifadhi za taifa wakati huo, lafaa kukumbukwa na kila mwenye nia ya kutoa sadaka, kwa kuwa halikuwa la kupokea fedha wala la kuzikataa. Aliwaeleza kwamba linalohitajika kwanza ni ilimu. Hifadhi ya Serengeti, iliyotangazwa mwaka 1951, ilikuwa katika mabishano makubwa: serikali ya kikoloni ilikusudia kuigawa na kuichorea mipaka mipya, kila upande ukatoa hoja zake kwa sauti kuu, na katika makelele yote yale hapakuwa na mtu mmoja aliyeweza kusema kwa yakini ni wanyama wangapi walioko kwenye uwanda ule, wala waendako mvua zikatikapo, wala njia wapitayo wakirejea. Watu walikuwa wakigawana nyumba bila ya kujua wenye kuishi ndani.

Basi baba na mwana wakaenda kujifunza kurusha ndege, na baba alikuwa amekaribia miaka hamsini. Wakanunua ndege ndogo aina ya Dornier Do 27, wakaipaka milia kama ya punda milia, na mwishoni mwa mwaka 1957 wakaondoka Frankfurt, wakavuka bahari na jangwa, mpaka wakatua Serengeti. Milia ile ndiyo iliyopendwa na watu, na hata leo picha yake yajulikana kote. Lakini mwenye kuijua kazi atavutwa na sifa nyingine ya ndege ile, nayo ni uwezo wa kuruka polepole sana bila ya kuanguka, na kupaa na kutua katika kipande kifupi cha ardhi isiyotengenezwa. Bila ya hayo, kuhesabu ni muhali.

Na hapa yafaa nitue kidogo, kwani fani yenyewe ndiyo niliyokusudia kuisifu. Anayedhani kuhesabu wanyama ni kutazama chini na kusema moja, mbili, tatu, hajapata kuona nyumbu wa Serengeti wakati wa mvua, wanapotanda mpaka upeo wa macho, weusi juu ya majani mabichi, na punda milia wamechanganyika nao, na swala tomi wametapakaa pembezoni wakiwa na rangi ile ile ya nyasi. Jicho lisilofunzwa huona wingi tu. Jicho lililofunzwa hulikata kundi: hushika kumi ya kwanza, likajua umbo lake na nafasi yake, kisha likalipimia kundi zima, kumi kwa kumi, hata likafika mahali pa kuijua mia kwa mtupo mmoja wa nadhari, na yote hayo hufanyika ilhali ndege haingoji, injini yanguruma, joto la mchana lairusha juu na kuiangusha, na kichefuchefu kimemshika mhesabuji ambaye hana ruhusa ya kufumba macho. Asubuhi na mapema ndiyo saa yake, kwa kuwa vivuli virefu humfichua mnyama ambaye rangi yake ingemficha. Jua likipanda, tembo na twiga huingia chini ya miti, na kilichoko chini ya mti hakihesabiki.

Rubani naye ana sehemu yake. Yampasa aende mstari ulionyooka, aufikishe mwisho, ageuke, arudi kwa mstari mwingine sambamba na ule wa kwanza, asiache pengo wala asipite mahali mara mbili. Grzimek walifanya hivyo kwa kuugawa uwanda katika vipande na kukipita kila kipande wakiruka chini sana. Waliokuja baadaye, tangu miaka ya 1960 na 1970, wakaitia fani hii mizani zaidi: kwenye mhimili wa bawa hufungwa vijiti viwili, na mhesabuji aliyekaa kiti cha nyuma huhesabu kile tu kinachopita baina ya vijiti hivyo, hesabu ya ukanda huo ikipatikana, wenye ujuzi wa takwimu huikadiria nchi nzima. Rubani akipanda juu kidogo tu, ukanda wapanuka na hesabu yaharibika. Kwangu mimi, adabu kubwa kuliko zote katika kazi hii ni ya yule wa nyuma, ambaye tembo dume mzuri akisimama kando ya kijiti, nje ya ukanda, hana budi kumwacha, asimtie hesabuni hata kama moyo wamtamani. Kuhesabu kisichokuwamo ni rahisi, na hupendeza, naye hakihesabu.

Idadi waliyoitoa baba na mwana ilikuwa wanyama 366,980, na katika hao nyumbu walikaribia laki moja. Tarakimu ile ilishtua watu, kwa kuwa wengi walikuwa wakizungumza habari za wanyama milioni na zaidi. Je, ilikuwa sahihi? Haikuwa. Miaka michache tu baadaye, mwaka 1961, wengine walipopiga picha kutoka angani na kuhesabu juu ya picha kwa utulivu, walipata nyumbu zaidi ya laki mbili, na hakuna aliyeamini kwamba nyumbu wameweza kuzaana kwa kasi ile; macho ya watu ndani ya ndege yalikuwa yamewapunja. Wako wanaolitaja jambo hili kana kwamba ni aibu ya marehemu, nami siafikiani nao hata kidogo. Waliosema milioni hawakuweza kusahihishwa, maadamu hawakuonyesha walivyopata. Grzimek walionyesha vipande, wakaonyesha mistari, wakaandika kila aina ya mnyama mahali pake, na kwa hivyo aliyekuja nyuma yao alipata pa kushika. Daftari la Serengeti lilifunguliwa siku ile, na mpaka sasa halijafungwa.

Wala hawakutosheka na idadi. Walikamata wanyama wakawavisha ukosi wa rangi ili wawatambue kutoka angani watakapokuwa; wakachuma majani ya uwanda wayajue majina yake, ili wapate kufahamu kwa nini mnyama huacha bonde hili lenye nyasi ndefu akaenda kule kwenye nyasi fupi. Ikadhihirika kwamba makundi hayakuijua mipaka iliyokusudiwa, kwani sehemu ya mwaka waliishi nje yake. Serikali haikuwasikia. Mwaka 1959 Ngorongoro na uwanda wa mashariki vilikatwa kutoka hifadhini, na upande wa kaskazini, kuelekea Mara, ukaongezwa.

Katika mgawanyo huo walikuwamo watu pia, na sitaki kulipita jambo hili kwa haraka kwa sababu namsifu marehemu. Wamasai waliokuwa wakilisha mifugo Serengeti walihamishwa wakapewa makazi Ngorongoro, na Bernhard Grzimek aliamini, akaandika wazi, kwamba hifadhi ya taifa haipasi kukaliwa na mtu yeyote, hata mwenyeji. Naiheshimu kazi yake na naikataa rai yake hiyo. Mfugaji hana desturi ya kuwahesabu ng'ombe wake kwa tarakimu. Huwatambua kwa rangi, kwa pembe, kwa mwendo, na jioni zizini hujua ni yupi hayupo kabla hajaulizwa. Hiyo nayo ni ilimu, tena ya kale, na waliokuja na ndege wangaliweza kukaa miguuni pake. Nyumbu ndiye asiye na mwenyewe wa kumtambua kwa sura, ndiyo maana ikabidi atambuliwe kwa idadi.

Na daftari lenyewe likaja kutoa ushahidi ambao hakuna aliyeutazamia. Hesabu za miaka iliyofuata zilipanda, zikapanda tena, hata kufikia mwaka 1977 nyumbu walikuwa wamepita milioni moja na laki tatu. Watafiti walipotafuta sababu, waliikuta katika sotoka, maradhi yaliyofika Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, yakafyeka ng'ombe na nyati na nyumbu, na yakaendelea kuua ndama wa nyumbu mwaka hadi mwaka. Chanjo iliyotengenezwa na Walter Plowright huko Muguga, Kenya, ilitiwa ng'ombe wa wafugaji waliouzunguka uwanda, na sotoka ilipowatoka ng'ombe ikawatoka na nyumbu, ambao hakuna aliyewachoma sindano. Maana yake ni kwamba zizi la mfugaji, lililodhaniwa kuwa ni adui wa mbuga, ndimo mlimotoka afya ya mbuga. Lau hapakuwa na watu wa kuhesabu mwaka baada ya mwaka, habari hii tusingeijua, na lawama ingebaki pale pale ilipowekwa.

Michael hakuyaona hayo. Tarehe 10 Januari 1959, akiruka peke yake katika ndege ile yenye milia, alikutana angani na tumbusi. Ndege huyo mzito akaligonga bawa, bawa likapata dhara, chombo kikamshinda kukiongoza, kikaanguka naye. Wanaoruka katika nchi ya wanyama wanaijua hatari hii vyema: tumbusi hupanda juu na hewa ya moto akazunguka humo bila ya kupiga mbawa, mahali hasa ambapo rubani anayetafuta makundi hupita. Alizikwa Ngorongoro. Baba yake, ambaye angeweza kuifunga kazi siku ile na dunia nzima ikamwia radhi, aliimaliza: kitabu kikatoka, na filamu ya Serengeti ikatoka mwaka ule ule wa 1959, na mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar. Nikiwaza juu ya mzee huyu ameketi katika chumba cha giza Frankfurt akichagua picha, na katika nyingi ya picha zile ndege inayosikika, mwanawe ndiye anayeirusha, nafahamu kwamba uvumilivu una daraja ambazo sisi wengine hatujazifikia. Aliishi hata Machi 1987, na majivu yake yakaletwa kuzikwa karibu na mwanawe. Mbali na hayo, jina la kijana likapewa maabara ndani ya Serengeti, na kutokana na mwanzo ule mdogo wa maabara ukakua utafiti wa Serengeti ambao leo uko mikononi mwa Watanzania wenyewe, chini ya Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, iliyoanzishwa mwaka 1980.

Wageni wanaopita ukingoni mwa kasoko husimama penye mnara wa mawe wa Grzimek, wakapiga picha, wakaendelea na safari. Ni haki ya marehemu kutajwa hapo. Lakini sensa haikukoma mwaka 1959: vijana wetu hukaa katika kiti cha nyuma cha ndege ndogo, saa baada ya saa, kijiti kushoto na kijiti kulia, wakitaja idadi kwenye kinasa sauti, na ripoti zinapochapishwa msomaji huona jumla ya tembo na jumla ya nyati, na aliyewahesabu hupatikana kwa tabu, pengine katika herufi ndogo za ukurasa wa mwisho. Majina ya wahesabuji na ya marubani wao yachapwe ukurasa wa kwanza, juu ya idadi yoyote, tena yachapwe kwa ukamilifu, jina la mtu na la baba yake.