Weusi wa Hariri: Hadhi na Utengaji katika Picha Mbili za Rembrandt

Uhakiki wa sanaa ya Uholanzi ya karne ya 17 umezoea kuisifu sanaa hiyo kwa uhalisia wake. Hudaiwa kwamba wachoraji wa Amsterdam na Haarlem waliwaacha miungu na wafalme, wakamsawiri binadamu wa kawaida jinsi alivyo. Dai hilo lina ukweli, lakini hulikwepa swali la msingi: ni nani aliyekuwa na uwezo wa kulipia sura yake ichorwe?

Picha mbili alizozichora Rembrandt mwaka 1634, za Marten Soolmans na mkewe Oopjen Coppit, zinalijibu. Wanandoa hao wamesimama, wakionekana kuanzia utosini hadi nyayoni, kwa kimo cha binadamu halisi. Usawiri wa namna hiyo ulikuwa zaidi wa wafalme na makabaila. Hapa umetwaliwa na vijana wa tabaka la wafanyabiashara. Mavazi yao ni meusi, na mtazamaji wa haraka huenda akaudhania weusi huo kuwa ni unyenyekevu wa Kikalvini. Sivyo. Kuikoleza hariri rangi nyeusi kulikuwa kazi ya gharama kubwa, na Rembrandt ameifanya hariri hiyo ing'ae kiasi kwamba mtu wa zama zile angeitambua thamani yake mara moja. Kola za lesi, pamoja na maua makubwa ya utepe juu ya viatu vya Marten (ambayo mtazamaji wa leo ni vigumu kuyatazama bila kutabasamu), yanakamilisha tangazo la ukwasi.

Ukwasi huo ulitoka wapi? Picha zimenyamaza. Baba yake Marten alikuwa na kiwanda cha kusafishia sukari mjini Amsterdam, na sukari ghafi ya wakati huo ilitoka kwa wingi Brazil, ilikozalishwa na Waafrika waliokuwa watumwa. Maonyesho ya Rijksmuseum kuhusu utumwa, ya mwaka 2021, yaliziweka picha hizi mbele ya umma pamoja na historia hiyo. Yalieleza pia kwamba mume wa pili wa Oopjen, Maerten Daey, alipokuwa askari Brazil alimteka mwanamke Mwafrika aitwaye Francisca, akambaka na kuzaa naye mtoto.

Inaweza kupingwa kwamba picha ya mtu haiwajibiki kuonyesha chanzo cha mali yake. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama Mwafrika asingeonekana kabisa katika sanaa hiyo. Lakini anaonekana, na nafasi anayopewa ndiyo yenye kushtaki. Mwaka 1668 Jan Mijtens alimchora Margaretha van Raephorst akihudumiwa na kijana Mwafrika. Bibi ana jina, ilhali kijana ni sehemu ya mapambo, sawa na lulu.

Rembrandt mwenyewe hakuishia hapo. Mwaka 1661 aliwachora Waafrika wawili, mmoja ameegemea bega la mwenzake, kwa makini na heshima isiyohitaji hariri. Picha za Marten na Oopjen zilinunuliwa na Uholanzi na Ufaransa kwa pamoja mwaka 2016, kwa euro milioni 160, na ukoo wa wenyewe unajulikana kwa kina. Ile ya mwaka 1661 imo katika jumba la Mauritshuis, nayo inaitwa tu Waafrika Wawili.