Ufundi wa Kulizuia Jibu

Mama amekaa mbele ya mshauri nasaha. Ameshaeleza habari za mume asiyeacha hela ya matumizi, za mwanawe wa kwanza aliyekatisha masomo, za usingizi unaomruka kila ifikapo saa nane usiku. Mtaani kwake kila mtu ana la kumwambia: vumilia, rudi kwenu, fungua genge, mshitaki. Mshauri naye ni mtu, na huenda jibu limeshafika kwenye ncha ya ulimi wake. Halitoi. Anamuuliza, "Mama, ukishtuka hiyo saa nane, ni lipi linalokujia kwanza?" Mama anakaa kimya, kisha anasema jambo ambalo halikuwemo katika yote aliyoyaeleza: anamwogopa mwanawe, kwa sababu akikasirika anageuka baba yake mtupu.

Lile jibu la awali, hata lingekuwa zuri namna gani, lingekuwa la shida nyingine.

Nausifu ufundi huu nikijua kwamba wengi wanauona ni maongezi tu, tena ya kulipia. Hatujawahi kupungukiwa watu wa kutushauri. Tuna somo na kungwi, shangazi, mshenga, shehe, padri, mzee wa mtaa. Nawaheshimu wote, na wamewavusha wengi. Ila kila mmoja wao ana kitu chake ndani ya shauri lako. Shangazi ana ukoo wa kulinda. Mshenga aliyeposa hataki kusikia ndoa imevunjika. Kiongozi wa dini ana mafundisho anayopaswa kuyasimamia. Mshauri nasaha hatakaa nawe kwenye harusi wala msiba, na mkikutana sokoni hukuachia wewe uamue kama utamsalimu, asije akakufichua kwa uliofuatana nao. Kuna mambo ambayo mtu anaweza kuyatamka mbele ya mgeni wa namna hiyo tu, na ninaamini wapo walioponea hapo.

Kwa miaka mingi yaliyotendeka ndani ya chumba cha ushauri yalijulikana kwa masimulizi ya mafundi wenyewe. Sigmund Freud, katika makala yake ya mwaka 1912, aliwataka madaktari wenzake wasiandike wakati mgonjwa anaongea, wayapokee yote kwa usikivu ule ule bila kuamua mapema lipi ni kubwa na lipi ni dogo. Ni mafunzo mazuri hadi leo, ila msomaji alibaki kutegemea kumbukumbu ya daktari. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, alipokuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, aliingiza maikrofoni chumbani na mazungumzo yakanaswa kwenye santuri. Mwaka 1942 alitoa kitabu chenye vipindi vyote vinane vya mteja mmoja, neno kwa neno, jina la mteja likiwa limebadilishwa. Naona huo ulikuwa ujasiri mkubwa. Sasa iliwezekana kusikia ni wapi hasa mshauri alimkatiza mtu, ni wapi alimsukuma kuelekea jawabu alilolipenda yeye, na ni wapi alitulia, mteja akashuka kina kimoja zaidi.

Mwaka 1957 Rogers akaandika kwamba kinachombadilisha mtu ni uhusiano wenyewe: mshauri awe mkweli nafsini mwake, amthamini mteja bila masharti, aione dunia kama mteja anavyoiona, na mteja aweze kuyahisi hayo. Akasema hayo yanatosha. Hapo simfuati mpaka mwisho; mtu anayesikia sauti zisizokuwepo anamhitaji daktari na dawa pia. Lakini kwamba bila hayo mbinu zote huanguka, hilo silipingi hata kidogo.

Kipande cha kazi hii kinachonigusa zaidi ni pale uhusiano unapoingia ufa. Mwanasaikolojia Edward Bordin, mwaka 1979, aliueleza ushirika wa mshauri na mteja kwa mambo matatu: wakubaliane wanakokwenda, wakubaliane watakachofanya, na pawe na kifungo cha kuaminiana baina yao. Aliona pia kwamba kifungo hicho kulegea na kukazwa upya ni sehemu ya tiba. Kwetu ufa huo una sura yake, nao ni mgumu kuuona, kwa sababu tumelelewa kuficha hasira ndani ya adabu. Fikiria mshauri kijana na mteja wa makamo ya mama yake. Kijana ameanza kwa shikamoo, kama inavyopasa, na mama anamjibu kila swali kwa "ndiyo, mwanangu". Mwisho wa kipindi anasema, "Nashukuru sana," na harudi tena. Fundi aliyeiva huinusa shukrani ya aina hiyo kabla mlango haujafungwa. Husema: "Mama, naona kama kuna mahali leo nimekuumiza. Naomba uniambie, sitakasirika." Mama akithubutu kusema, "Ndiyo, uliponiuliza habari za mume wangu ulinihukumu," na kijana asijitetee, basi mama huyo amekwisha kupata kitu ambacho pengine hakukipata nyumbani kwake maisha yote: amemlalamikia mtu, na mtu huyo amebaki.

Anayedhani ustadi huu ni wa vyumba vyenye zulia aitazame Harare. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na mabibi 14 wa pale pale mtaani. Zahanati haikuwa na nafasi ndani, basi wakaweka benchi nje. Akataka kuliita benchi la afya ya akili. Mabibi wakamwambia hakuna atakayelikalia, likawa benchi la urafiki. Mabibi hao ndio watu tunaotarajia watoe nasaha tangu asubuhi mpaka jioni, nao walifunzwa kumwachia mgeni wao achague shida ya kuanza nayo na hatua ya kuchukua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuata watu 573 katika zahanati 24. Baada ya miezi 6, waliokuwa bado na dalili za sonona walikuwa kama asilimia 14 kati ya waliokaa kwenye benchi, na asilimia 50 kati ya waliopata huduma ya kawaida. Mabenchi ya namna hiyo yamefika hata Zanzibar.

Mabibi wa Mbare hawakuachwa peke yao. Walikuwa na watu wa kuwasimamia na kuwasikiliza. Anayebeba siri za watu kutwa nzima lazima awe na mahali pa kuzitua bila kuzitoa nje. Ndiyo maana nikisikia kituo cha afya kimepata mshauri, huuliza msimamizi wake ni nani na chumba chake kina mlango wa namna gani. Nimewahi kuona ushauri ukitolewa kwenye kona ya stoo ya dawa, watu wakiingia na kutoka kuchukua maboksi, mteja akinyamaza kila kitasa kinapozungushwa. Mshauri yule alikuwa stadi kweli. Alimsubiri mteja wake kila mara, hakumharakisha. Alichokosa ni komeo la mlango na saa moja ya msimamizi kila wiki, na hivyo ni vitu vinavyoweza kuingia katika bajeti ya wilaya.