Waya Umepita Wapi?

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ya televisheni ilizimwa Dar es Salaam, tukaambiwa chenga zimekwisha. Ving'amuzi vikaja, antena zikabaki pale pale juu ya mabati, na kwetu Kunduchi fundi antena hajakosa kazi hadi leo. Bahari inamlisha. Upepo wa chumvi hupenya kwenye kiungo kilichofungwa kwa selotepu, na wavu wa kebo huinyonya ile chumvichumvi kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Chuna kebo iliyokaa juani miaka mitatu, uone shaba ilivyogeuka kijani.

Fundi ninayemsifu ni mzee wa mtaani kwetu. Akifika haangalii antena kwanza. Huuliza, "Waya umepita wapi?" kisha anaufuata kwa kidole, toka kwenye king'amuzi, dirishani, ukutani, hadi mlingotini. Nilikuwa nikimcheka kimoyomoyo. Mimi si ndiye mwenye kompyuta?

Nina NEC, programu iliyotoka katika maabara ya Lawrence Livermore, Marekani. Toleo lake la pili ni la 1981 na bado linatumika. Unaieleza antena kipande kwa kipande, nayo inakokotoa umeme unaopita katika kila kimoja. Nikachora dipoli ya megahezi 600: wimbi sentimita 50, nusu yake 25, ukate pungufu kidogo. Ikanipa omu sabini na kitu, jirani mwema wa kebo ya omu 75. Umbo la mapokezi likatoka nane safi. Nikaipandisha juu ya bati. Kila jirani alipowasha pampu ya maji, picha ikaganda.

Kumbe programu huichukulia kebo kuwa njia tupu isiyo na mwili. Kebo ya kweli ina mwili. Katika masafa hayo umeme hutembea kwenye ngozi ya shaba tu, kwa hiyo wavu mmoja una nyuso mbili zisizojuana. Uso wa ndani unabeba picha. Wa nje umeshikana na mkono mmoja wa dipoli, unaning'inia hadi sebuleni ukiokota kelele za mtaa mzima. Nilipoongeza kwenye mchoro waya mmoja wa kusimama badala ya uso huo, ile nane ikapinda mbele ya macho yangu.

Mzee akaja na swali lake lile lile. Akauhamisha waya mbali na pampu, akauteremsha wima kutoka katikati ya dipoli, akaubana chini kidogo ya antena kwa kipande cheusi cha feraiti alichokitoa kwenye waya wa monita ya zamani. Mwisho akaacha tumbo la waya kabla ya dirisha, maji ya mvua yadondokee nje. Nusu saa, basi. Hesabu yangu ilikuwa imekula wiki nzima.

Ukimwita fundi naye akaanza kwa kuzungusha antena, mshike mkono umwonyeshe waya.