Andy Razaf: Malenga wa Jazi Mwenye Asili ya Bukini

Mwulize mpenzi wa jazi ni nani aliyeimba Ain't Misbehavin', naye atakutajia Louis Armstrong au Fats Waller bila ya kufikiri. Mwulize maneno yake ni ya nani, aghalabu atanyamaza. Sisi tuliolelewa na taarabu hatuna haki ya kumcheka, kwani kwetu nako mwimbaji ndiye anayetunzwa ukumbini, ilhali aliyezisuka beti amekaa safu ya nyuma na hatambulikani.

Maneno ni ya Andy Razaf, na jina hilo lenyewe ni kipande tu cha jina. Alizaliwa Washington tarehe 16 Disemba 1895, akaitwa Andriamanantena Paul Razafinkarefo. Hapa Unguja, tunakoijua ngoma ya kibuki, jina kama hilo halihitaji mkalimani: ni la Bukini, kisiwa ambacho ramani za leo hukiita Madagaska. Babu yake mzaa mama, John Waller, alizaliwa utumwani Missouri, akapanda daraja hata akawa konseli wa Marekani mjini Tamatave. (Si jamaa wa Fats Waller, majina yamelandana tu.) Huko binti yake Jennie aliolewa na Henri Razafinkarefo, wa ukoo wa Malkia Ranavalona III. Mwaka 1895 Wafaransa walikivamia kisiwa. Henri aliuawa, mzee Waller alihukumiwa na mahakama ya kijeshi akapelekwa kufungwa Ufaransa, na Jennie, ambaye hata miaka 20 hajafika, alirudi kwao akiwa mja mzito. Mtoto akazaliwa ng'ambo, yatima wa vita vya bahari yetu.

Aliacha shule akiwa na miaka 16, akafanya kazi ya kuendesha lifti katika jengo la wachapishaji wa nyimbo mjini New York. Kabla ya kuvuma kwa nyimbo alikuwa mshairi wa magazeti ya Weusi wenye msimamo mkali, likiwemo The Voice la Hubert Harrison lililoanzishwa mwaka 1917. Jambo hili lisipuuzwe. Wengi humsoma Razaf kama fundi wa maneno mepesi ya mapenzi, na kwa hakika alizitunga nyingi za namna hiyo, nyingine za kusahaulika. Lakini mkono ulioziandika ulikuwa umeshazoea hasira na hoja.

Ufundi wake ulio karibu mno nasi ni fumbo. Katika My Handy Man, uliorekodiwa na Ethel Waters mwaka 1928, mwanamke anamsifu mtumishi wake kwa kazi za nyumbani, moja baada ya nyingine, na kila kazi ina maana ya pili ambayo haitajwi hata mara moja. Mwaka huo huo Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi. Sidai kwamba mmoja alimjua mwenziwe. Nasema tu kwamba msikilizaji wa Ng'ambo, lau angelifahamu Kiingereza, asingeuliza kwa nini watu wa Harlem wanacheka.

Utungo wake mkuu, kwa maoni yangu, ni Black and Blue, uliotiwa lahani na Waller na Harry Brooks kwa ajili ya onyesho la Hot Chocolates mwaka 1929. Kama alivyosimulia Razaf mwenyewe, jambazi Dutch Schultz, aliyekuwa ametia fedha zake katika onyesho hilo, alitaka wimbo wa kuchekesha juu ya mwanamke mweusi, na bastola ikatumika kumshawishi. Razaf alitii amri kwa namna ya kuivunja. Ubeti wa mwanzo ni malalamiko ya mwanamke anayeachwa kwa sababu wanaume wanawapenda walio weupe zaidi yake. Edith Wilson aliuimba jukwaani, na watazamaji walioanza kwa kicheko wakamaliza kwa kupiga makofi wima. Jina la wimbo lina tabaka tatu: rangi ya ngozi, majonzi, na alama ya damu iliyovilia baada ya kipigo. Armstrong alipourekodi mwaka huo huo aliuacha ubeti ule, na malalamiko ya mwanamke mmoja yakawa ya umma mzima. Kuna mahali msemaji anajitetea kwa kudai weupe wa moyo, na hapo leo sikio hukwaruzwa. Mimi naona ni utetezi wa mtu aliyekabwa, anayeomba kwa lugha ya anayemkaba.

Fedha hazikumfikia ipasavyo. Inasemekana Waller aliuza haki zake katika nyimbo zipatazo 20, Ain't Misbehavin' ikiwemo, kwa dola 500. Stompin' at the Savoy na In the Mood zinajulikana duniani kote, lakini aghalabu hupigwa bila ya maneno, na wengi hawajui kwamba yapo. Maradhi ya mwaka 1951 yalimpoozesha; alifariki California tarehe 3 Februari 1973.

Mwaka 1956 Armstrong alifika Accra, Gold Coast ikijiandaa kwa uhuru, akaupiga Black and Blue mbele ya Kwame Nkrumah. Filamu ya ziara ile inamwonyesha Nkrumah uso umemlegea kwa majonzi. Mwenye maneno alikuwa Los Angeles, juu ya kiti cha magurudumu.