Kufunga Kitabu

Msimulizi aliyeiva hukosea kwa makusudi. Anajua fika kwamba anayetoboa kiambaza ni panya, lakini anasema paka, anasita, anajikuna kichwa, na uwanja mzima unamrukia kwa kelele kumsahihisha. Hapo hadithi imeshamtoka mikononi. Ni ya watoto sasa, naye kazi yake ni kuhakikisha hawaidondoshi.

Nimeuona ufundi huo Kimara, huko ndani ambako ukishuka mwendokasi kituo cha mwisho bado una bajaji ya kupanda, kwenye mtaa mdogo wa KKKT ambao kuta za kanisa lake hazijapigwa lipu. Ilikuwa Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, ile ya mwishoni mwa Septemba ambayo Walutheri huwaachia watoto ibada wasome, waimbe, waigize. Walimu wa shule ya Jumapili walikuwa wameongeza sherehe ya alasiri uani, wakaalika nyumba zote za jirani, za Waislamu na za Wakristo, kwa sharti moja: kila mtoto aje akiwa mhusika wa kitabu cha hadithi.

Sungura walijaa, masikio yao yamekatwa kwenye maboksi. Fisi walikuwa wachache. Nadhani hakuna mama anayependa mwanawe awe fisi. Baba mmoja alimleta kijana wake akiwa Kibanga, yule wa vitabu vyetu vya darasani aliyempiga mkoloni. Mtoto hakumjua Kibanga ni nani, ila fimbo aliipenda. Maputo, turubai na spika zinazokoroma sitaeleza, kwa maana sherehe zote za Dar zinafanana kwa hayo.

Kisha akaletewa kiti bibi mmoja mwenye kitabu mapajani. Kipaza sauti alikikataa kwa mkono. Akaita, “Hadithi, hadithi!” na alipoona itikio limepwaya akanyamaza mpaka waliokuwa nyuma wakasogea wenyewe. Alisoma kurasa mbili hivi, akawaonyesha picha, akawatazama usoni mmoja mmoja. Halafu akakifunga.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya Goso Mwalimu. Goso anafundisha chini ya mbuyu, paa anapanda kuiba matunda, buyu linaanguka na kumuua mwalimu. Wanafunzi wanatoka kumsaka muuaji. Wanaanza na upepo wa kusi. Kusi inajitetea kwamba ingekuwa na nguvu isingezuiwa na kiambaza. Kiambaza kinamtaja panya anayekitoboa, panya paka, paka kamba inayomfunga, kamba kisu, kisu moto, moto maji, maji ng'ombe anayeyanywa, ng'ombe papasi, na papasi anamtaja paa. Kwenye karatasi mlolongo huo unachosha. Mdomoni ni ngazi: kila kidato kipya kinawalazimu watoto warudi chini na kupanda tena, na bibi aliongeza kasi taratibu hadi wakakosa pumzi, kisha akapunguza ghafla kwenye maji, akaacha neno litafutwe. Mtoto mdogo kuliko wote ndiye aliyelipata. Sidhani ilikuwa bahati. Jicho la bibi lilikuwa limeshamchagua.

Sina ugomvi na katuni, lakini katuni haimsubiri mtu. Hata redio, ambayo wengi wetu tulilelewa nayo kupitia Deborah Mwenda na kipindi chake cha Mama na Mwana pale Redio Tanzania Dar es Salaam, ilitufanya tumwitikie mtu asiyetusikia. Bibi wa Kimara alikuwa anatusikia.

Kinachonifurahisha ni kwamba Goso huyo aliwahi kuhifadhiwa na mtu wa kanisa. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 na misheni ya Waanglikana ya UMCA, akakaa kuwasikiliza wenyeji, na mwaka 1870 akachapisha London kitabu cha Swahili Tales, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoutazama. Ni yeye aliyesimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa. Hadithi alizozikusanya hazikuwa za kanisa hata kidogo. Mna mle masultani na majini, na kima anayemdanganya papa kwamba moyo wake ameuacha nyumbani. Aliziandika hata hivyo. Kwa kazi hiyo namheshimu kuliko kwa mahubiri yake, ambayo sijayasoma. Karne moja na ushei baadaye, mwaka 1991, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza nchini kuwasaidia wachapishaji wetu kutoa vitabu vya Kiswahili vya watoto na kuvifikisha shuleni. Vitabu hivyo vinahitaji watu wa kuvifungua, na wachache, kama yule bibi, wanaojua pa kuvifunga.

Turudi uani: mwishoni mwa hadithi paa anaulizwa, hajibu kitu, na wanafunzi wanamuua. Wengine wote walijitetea; yeye peke yake alinyamaza. Binti aliyekuja na pembe za waya akasimama: labda paa alikuwa anaogopa! Kibanga akasema anayenyamaza ana hatia. Wote wakamgeukia bibi.

“Mimi sikuwepo, wajukuu zangu,” akasema, akamwomba mtu ampe maji.

Mzee wa kanisa akaonyesha saa yake. Foleni ya pilau ikaanza, na kesi ya paa ikaendelea kusikilizwa humo humo, sahani mkononi, mashahidi wakiongezeka.