Blowa ya Hita: Namna ya Kuitambua Kazi Safi

Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na barabara inayoteremka kwenda Litein, Kapkatet na Sotik hupita katikati ya majani chai yanayonyeshewa karibu mwaka mzima. Alfajiri ya Julai, pikapu yenye watu watatu mbele na mitungi ya maziwa nyuma huzibwa kioo na mvuke kabla hata haijatoka langoni. Waipa haisaidii, maana maji yako upande wa ndani. Dereva hufuta kwa kitambaa, huona mita chache, kisha hufuta tena. Dawa yake ni hewa ya moto inayosukumwa na blowa: hewa ikipashwa moto hufyonza unyevu zaidi, na kioo kikishika joto, pumzi za abiria haziwezi kugeuka matone juu yake. Kwa hiyo mota ile ndogo, ambayo dereva wa Mombasa anaweza kukaa miaka bila kuikumbuka, kwa mtu wa Bomet ni kifaa cha usalama sawa na taa.

Kuibadilisha si kazi kubwa. Kwenye Hilux, Isuzu TFR na Nissan nyingi za miaka ya 1990 zenye usukani wa kulia, blowa iko kushoto, juu ya miguu ya abiria, nyuma ya droo ya dashibodi. Skrubu chache, plagi moja, na mota imeshuka. Kwa kuwa ni rahisi hivyo, hakosekani mtu wa kuifanya katika gereji yoyote kuanzia Kapsoit hadi Silibwet. Kazi safi na kazi ya kulipua hutenganishwa na mambo mengine, na la kwanza hutokea kabla spana haijaguswa.

Mteja anasema, "Fundi, hita haipulizi." Wa kulipua hutaja bei ya mota papo hapo. Fundi hasa huuliza kwanza: "Mzee, imekataa namba zote, au inafanya ile ya mwisho peke yake?"

Swali hilo lina thamani ya pesa. Blowa inayozunguka kwenye kasi ya juu tu kwa kawaida haina ubaya wa mota; iliyoungua ni rezista, kwa sababu katika kasi hiyo umeme hauipitii. Mota isiyoanza mpaka igongwe kwa mpini wa bisibisi imemaliza brashi zake za kaboni. Inayokwaruza asubuhi kisha ikanyamaza ina bushi zilizokauka, na tone la mafuta litaituliza kwa muda tu. Inayogongagonga huenda imemeza jani. Na upepo ukitoka kwa nguvu lakini baridi, mota haina hatia: tatizo liko kwenye maji. Pengine rejeta ndogo ya hita imeziba, thermostati iling'olewa, au pikapu iliwahi kufanya kazi nchi ya joto na mabomba ya hita yakaunganishwa ili maji yasiipitie kabisa.

Baada ya maswali, vipimo. Injini ikiwa inanguruma, betri nzima husoma kati ya volti 13.5 na 14.5. Fundi huweka mita kwenye ncha mbili za mota, swichi ikiwa kwenye kasi ya mwisho, na kulinganisha. Pakiwa na upungufu wa zaidi ya volti moja, umeme unapotea njiani: athi ina kutu, swichi imechoka, au plagi imelegea na kuanza kuyeyuka. Asiyepima hufunga mota mpya kwenye plagi ileile iliyobabuka, na plagi huendelea kuungua.

Katika nchi ya mvua lipo swali jingine: mota ya kwanza ilikufa kwa nini? Hewa ya hita huingia kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, na mahali hapo hujaa vumbi la murram na majani ya mikaratusi. Tundu la kutolea maji likiziba, maji hutafuta njia ya ndani na kuishia kwenye blowa. Mota iliyotolewa ikiwa na kutu au alama za maji, fundi makini husafisha matundu, humwaga maji juu yake na kuinama kuangalia yanatokea wapi. Asipofanya hivyo, mota mpya itakufa kifo kilekile.

Spea nayo ina macho yake. Kampuni ya Nippondenso, iliyotengeneza vifaa vingi vya Toyota, ilibadilisha jina na kuwa Denso mwaka 1996. Hilux ya 1991 yenye mota iliyoandikwa DENSO, basi, imeshabadilishwa mota angalau mara moja, hata muuzaji wa gari aape namna gani. Kwa mota ya mtumba, shika mhimili na uutikise upande kwa upande: ukicheza, bushi zimekwisha. Soma volti pia. Malori mengi makubwa hutumia volti 24, na mota yake ikifungwa kwenye pikapu ya volti 12 itajizungusha kivivu.

Kuna kosa linalowadanganya wengi: mota inavuma vizuri, upepo ni hafifu. Mapezi ya ngoma ya feni yamepindwa upande mmoja, na nyaya zikigeuzwa ngoma huzunguka kinyume. Sauti ipo, hewa haipo.

Wakati wa kufunga, tazama vitu vidogo. Mota nyingi za zamani zina kibomba cha mpira kinachopeleka hewa ndani yake ili ipoe. Kikiachwa kinaning'inia, mota hujipika. Klipu ndogo za chuma kwenye mapezi ya ngoma si uchafu, zimewekwa kuisawazisha, na akizing'oa mtu dashibodi nzima itatetemeka. Sponji inayozunguka mota irudishwe au iwekwe mpya. Plagi iliyoungua ikatwe, nyaya zilehemiwe, zisisokotwe na kufunikwa kwa tepu. Fyuzi ya ampea 20 ibaki ya ampea 20. Ukikuta kipande cha waya mahali pa fyuzi, chukua gari lako uende.

Cheti cha NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, kikiwa ukutani ni dalili njema, lakini hakitoshi. Kabla ya kutoa pesa, keti ndani, washa injini mpaka ishike joto, funga madirisha na upitishe swichi namba moja hadi ya mwisho. Kila namba iwe na upepo wake tofauti, pasiwe na mtetemo, na hewa ifike juu kwenye kioo. Acha ifanye kazi dakika kumi kwenye kasi ya juu, kisha gusa plagi kwa kidole: uvuguvugu si neno, lakini ikikuchoma kazi haijaisha. Mwisho, omba upewe mota ya zamani mkononi. Fundi aliyeifungua kweli atakuonyesha palipoharibika, nawe utalipa ukijua unalipia nini.